Rais Hapimwi kwa Kangomba

Kura 81,129. Hizo ndizo alizopata Bernard Membe nchi nzima alipogombea urais mwaka 2020, na kila ninapomtajia mjomba wangu wa Lukuledi hesabu hiyo hukunja uso kana kwamba mimi ndiye niliyezihesabu. Mjomba alimpigia kura. Ilani ya chama chake, ACT-Wazalendo, hakuisoma hata ukurasa. Alimpigia kwa kuwa Membe ni wa Rondo, na Rondo ni Lindi, na kwa mjomba Lindi na Mtwara ni kwetu kumoja.

"Mpwa wangu," huniambia, "mtu wa kwenu hata akikusahau, anajua alichokisahau."

Kauli hiyo imekaa kichwani mwangu tangu tulipobishana mara ya kwanza, barazani kwake, sinia la ming'oko katikati yetu. Ni kauli tamu. Nadhani pia ndiyo inayotuponza watu wa Kusini kila baada ya miaka 5, na makala hii naiandika kubishana nayo, kwa adabu zote anazostahili mjomba aliyenilipia ada ya shule.

Katiba yetu, Ibara ya 39, haidai mengi kwa anayetaka urais. Awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe mwanachama wa chama na chama kiwe kimempendekeza, awe na sifa za kuwa mbunge, na asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka 5 iliyotangulia. Basi. Kama ana akili ya kuamua, kama amewahi kushika jambo zito na likamshinda au akalishinda, kama akikosolewa anasikia au anafura, hayo tumeachiwa sisi. Na sisi tunayapima vipi?

Tunapima kwa kangomba. Msomaji wa Kusini hahitaji kuelezwa. Kwa asiyejua: katikati ya masika, chakula kimeisha na mikorosho haijatoa hata maua, anakuja mtu mwenye fedha mkononi na chombo chake cha kupimia. Unampa korosho za msimu ujao kwa bei yake na kwa kipimo chake. Mizani haiulizwi, maana mtoto kafukuzwa shule kwa kukosa sare. Mgombea naye huja hivyohivyo, na kofia, na kanga, na jina la kijiji chetu alilofundishwa asubuhi hiyo garini, na neno "korosho" kwenye kila sentensi ya tatu. Tukimaliza kushangilia ndipo tunajiuliza tumeuza nini.

Nianze na huyo mtu wa kwetu. Membe alikuwa mbunge wa Mtama kwa miaka 15 na Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2007 hadi 2015. Kwenye karatasi, hiyo ndiyo njia iliyokuwa imezoeleka kuelekea Ikulu: Benjamin Mkapa aliwahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Jakaya Kikwete alikaa kwenye kiti hichohicho kwa miaka 10 mfululizo. Mwaka 2015 Membe akaingia tano bora ya CCM pamoja na January Makamba, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali na John Magufuli. Chama kikamchukua Magufuli, waziri wa barabara.

Huku kwetu watu walinuna. Mimi sikununa, na hapo ndipo mjomba alipoanza kuniona nimepotea. Uzoefu wa Mambo ya Nje ni uzoefu kweli, lakini ni mgumu kwa mkulima kuukagua. Huwezi kwenda Addis Ababa ukashika kwa mkono kile waziri alichokifanya kikaoni. Kwa waziri wa ujenzi, kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga kilikuwepo. Kilomita 60 tu, lakini kila aliyesafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam enzi zile anazikumbuka kwa mgongo wake. Tulipita msimu kwa msimu tukiambiwa mkandarasi yupo kazini. Ilipofika mwaka 2015 lami ilikuwa chini ya matairi. Magufuli alikuwa akitaja kilomita na madaraja kwa kichwa, bila karatasi, na sisi tulikuwa na mahali pa kuhakiki. Alikaripia makandarasi mbele ya kamera, alikaripia wahandisi, nasi tulipiga makofi.

Makofi hayo nayarudia baadaye, maana yana deni.

Kuhusu mtu wa kwetu aliyefika kweli Ikulu, Mkapa wa Lupaso, wilaya hiihii ya mjomba. Alitawala miaka 10. Katika miaka hiyo Daraja la Rufiji lilikamilika, mwaka 2003, likapewa jina lake, na kivuko kile kilichokuwa kikilaza watu njiani kikabaki hadithi. Hilo ni jambo kubwa na sitaki kulipunguza. Lakini viwanda vya kubangua korosho, vile 12 vilivyojengwa kwa mikopo ya zamani, navyo vilipita kwenye ubinafsishaji wa utawala wake, na baadhi ya walionunua walivigeuza maghala. Korosho ghafi ikaendelea kwenda India na ajira ikaenda nayo. Mjomba ukimwambia hivyo hujibu kwamba viwanda vilikuwa vimekufa tayari. Ni kweli, vingi vilikuwa vimesimama tangu miaka ya 1980. Ila swali la kumpima mtu ni namna alivyoamua kuhusu maiti ile, kwa masharti gani, na nani aliyefuatilia kama mnunuzi anabangua au anahifadhi saruji.

Nimtetee Mkapa pia, kwa sababu nampenda zaidi ya mjomba anavyodhani. Kwenye kumbukumbu za maisha yake alizochapisha mwaka 2019 aliyataja mauaji ya Pemba ya Januari 2001 kuwa doa kwenye urais wake. Viongozi wetu hawana mazoea ya kusema hivyo. Alisema akiwa ameshatoka madarakani, wakati kusema hakumgharimu kura. Hata hivyo wengine hawasemi hata kaburini.

Mwaka 1995, alipogombea, wengi hawakuwa wakimjua. Aliyejulikana ni Augustine Mrema. Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mtu wa kuwapa wakosaji siku saba wajirekebishe, mtu wa kutokea kituo cha polisi usiku. Alipohamia NCCR-Mageuzi watu walilisukuma gari lake kwa mikono kama harusi. Mkapa alikuwa mhariri wa zamani, balozi wa zamani, mwenye sauti ya mwalimu anayesahihisha insha, na Mwalimu Nyerere ikabidi azunguke nchi kumwombea kura. Matokeo: Mkapa asilimia 61.8, Mrema asilimia 27.8. Unaweza kusema ni nguvu ya chama, na hutakosea sana. Lakini mwaka ule wagombea wote wanne, pamoja na Ibrahim Lipumba na John Cheyo, walikaa pamoja kwenye mdahalo, na aliyetaka kuona nani anajibu swali na nani anajibu hasira yake mwenyewe alipata nafasi. Watu wazima wa Masasi waliosikiliza redioni bado huusimulia. Hatujapata tena kitu cha namna hiyo chenye vigogo wote. Mwaka 2015 Magufuli na Edward Lowassa walizunguka nchi nzima kwa miezi miwili bila kusimama mahali pamoja wakaulizana swali moja.

Na ule mwaka 2015 nataka niukalie, kwa sababu sijaona mwaka mwingine ambao tulikuwa na wagombea wawili wazito namna ile na tukapima vibaya namna ile.

Lowassa alikuwa na la kuonyesha. Alipokuwa Waziri Mkuu shule za kata ziliota kila mahali, na binti wa mjomba alisoma moja wapo, na leo ni muuguzi. Pia alikuwa na la kujibu: kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, iliyomfanya ajiuzulu Februari 2008. Mtu mwenye mambo mawili ya uzito huo anastahili kuulizwa yote mawili kwa kirefu. Badala yake mikutano yake ilikuwa ya dakika chache. Anapanda, anasema elimu, elimu, elimu, anashuka. Upande wa pili mgombea anapiga pushapu jukwaani. Na sisi tukawa tunajadili afya! Barazani, sokoni, kwenye daladala za Mikindani: nani ana pumzi, nani anatetemeka. Nchi ya watu karibu milioni 50 ikageuka daktari wa michezo.

Wakati huo huo lilitokea jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko pushapu. Septemba 2007, viwanja vya Mwembe Yanga, Dk. Willibrod Slaa alisoma hadharani orodha ya watu ambao Chadema iliwaita mafisadi, na Lowassa alikuwemo. Julai 2015 chama hichohicho kikampokea kwa shangwe na kumfanya mgombea. Dk. Slaa akajitoa kwenye siasa. Profesa Lipumba naye akaacha uenyekiti wa CUF. Kama mlikosea mwaka 2007, tuombeni radhi na mtueleze mlikosea wapi. Kama hamkukosea, mnafanya nini? Swali hilo halikuwa la itikadi, lilikuwa la busara, na mtu anayetaka kuongoza nchi anatakiwa alijibu kwa sentensi zinazoeleweka. Hatukujibiwa, na Kusini tulimpigia kura nyingi tu. Mtwara Mjini na Tandahimba zikaenda upinzani, Kilwa zote mbili zikaenda, Mchinga na Liwale zikaenda. Sisemi tulikosea kuwapa ubunge. Baada ya mambo ya gesi, nitakayoyafikia, watu walikuwa na sababu. Nasema hasira ilikuwa imeshapiga kura kabla ya masikio.

CCM nayo isicheke. Siku ya uzinduzi wa kampeni Jangwani, Agosti 2015, Rais mstaafu Mkapa alipanda jukwaani akawaita wanaojidai kuikomboa nchi "wapumbavu na malofa". Mzee wa kwetu. Barazani watu walicheka sana, mjomba alicheka hadi akakohoa, na wiki nzima kila aliyekosea kubeti kadi aliitwa lofa. Mimi niliona haya kidogo. Tusi la jukwaani linaonekana dogo, lakini ndilo linalokuonyesha mtu atakavyomtazama anayempinga akishashika polisi na hazina. Kumbuka hapo alikuwa anamfanyia kampeni mtu mwingine, na mtu huyo mwingine hakukanusha.

Aliyekuwa akijibu maswali mwaka ule ni Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mwanamke pekee kati ya wagombea. Alikuwa anazungumza polepole, anaeleza fedha zitatoka wapi. Alipata kura 98,763. Magufuli alipata zaidi ya milioni 8.8 na Lowassa zaidi ya milioni 6.

Sasa deni la makofi. Novemba 2018. Wakulima wa Tandahimba na Newala walikuwa wamekataa bei mnadani, na walikuwa na haki: msimu uliotangulia kilo ilikaribia shilingi 4,000, halafu sasa zabuni zinafunguliwa hazifiki 3,000. Rais akaingilia. Akatengua mawaziri, akavunja bodi ya korosho, akasema Serikali itanunua kwa 3,300, na magari ya jeshi yakaja kusomba. Siku ile Mtwara ilikuwa sikukuu. Nilimpigia simu mjomba, akanikatia ili aendelee kushangilia.

Kilichofuata kila familia ya huku inakijua. Uhakiki. Foleni ya uhakiki. Aliyekuwa na kilo nyingi aonyeshe shamba. Aliyenunua kwa kangomba asilipwe, sawa, lakini na yule mjane aliyeuza kwa jina la mwanawe naye akaingia kwenye kapu hilohilo. Mwaka 2019 ukaanza, watu wakapalilia bila fedha, salfa ya kupulizia mikorosho ikakopwa, na korosho za Serikali zikawa zinatafuta mnunuzi kwenye soko lile lile ambalo wanunuzi wake walikuwa wamefukuzwa. Miezi michache kabla ya ununuzi huo, wabunge wa Kusini walikuwa wamepiga kelele bungeni Serikali isiuchukue ushuru wa korosho uliokuwa unarudi kwa wakulima kama pembejeo, wakashindwa.

Yule aliyeikaripia Ndundu–Somanga hadi ikaisha ndiye yuleyule aliyejaribu kuikaripia bei ya dunia. Mkandarasi ukimtisha anafanya kazi usiku. Mfanyabiashara wa Kerala ukimtisha anapanda ndege kwenda Msumbiji au Ivory Coast. Uzoefu wake ulikuwa wa kweli, niliuona kwa macho na nikausifu. Ila hakuna aliyetuambia tuulize kama mtu huyu anajua kutofautisha tatizo linalotaka amri na tatizo linalotaka kusikiliza. Dalili zilikuwepo kwenye kampeni. Mtu anayefurahisha umati kwa kumwaibisha mtaalamu mbele ya watu, kesho mtaalamu huyo hatamwambia ukweli. Na korosho mwaka 2018 ilihitaji mtu mmoja tu wa kumwambia Rais: mzee, tukishazinunua tutamuuzia nani?

Mjomba hapa huwa ananirudisha kwenye hoja yake. Anasema, ndiyo maana tunataka wa kwetu, angejua korosho. Basi namkumbusha Kikwete. Si wa kwetu kwa kuzaliwa, lakini miaka ya 1980 alikuwa katibu wa chama Nachingwea, kisha Masasi. Amekula ugali wa hapa, anazijua njia za hapa. Na ni chini yake bomba la gesi kutoka Mtwara, zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam, lilipitishwa watu wakiwa hawajaelezwa wakaelewa. Mei 2013, siku ya bajeti ya nishati, Mtwara ikawaka. Nyumba zilichomwa, watu walikufa, jeshi likaja. Kutujua hakukumsaidia kutueleza mapema. Mtu wa kwenu anajua alichokisahau, sawa mjomba, lakini hilo linamsaidia nini aliyesahauliwa?

Kuna mkutano mmoja wa kampeni nilihudhuria hapa Mtwara, wa ubunge, si wa urais. Mama mmoja wa makamo alipaza sauti kuuliza kuhusu malipo ya pili ya korosho. Mgombea, simtaji, alimwambia mama yangu kaa chini, huo ni umbea wa wapinzani, muziki upigwe. Muziki ukapigwa. Alishinda. Kwa miaka 5 iliyofuata kila aliyemfuata na shida alijibiwa kwa namna ile ile, na watu walikuwa wakishangaa. Walishangaa nini? Alionyesha kazi yake yote pale, kwa sekunde 10, bure.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kampeni ndiyo sampuli pekee ya urais tunayopewa kabla ya kulipa. Humo mna kila kitu: nani anamlipa, anawapangaje watu wake, anasema nini mkoa mmoja na nini mkoa mwingine, anafanya nini mambo yakimwendea vibaya. Membe mwaka 2020 alifikwa na jaribio hilo. Viongozi wakuu wa chama chake, Zitto Kabwe na Maalim Seif, walimuunga mkono hadharani Tundu Lissu wa Chadema huku jina la Membe likiwa kwenye karatasi ya kura. Yeye akasema bado ni mgombea. Mjomba aliona ujasiri. Mimi niliona mtu mwenye uzoefu wa kupatanisha nchi za watu ambaye ndani ya chama chake, kwa miezi michache, hakupata hata watu wa kukubaliana nao nani agombee. Lissu kwa upande wake alisimamishwa kampeni siku 7 na kamati ya maadili ya Tume ya Uchaguzi, na siku 7 hizo ziliwapa wafuasi wake cha kusema na wapinzani wake cha kusema, na wapiga kura wa kawaida tukakosa siku 7 za kumsikiliza.

Oktoba 2025 sina la kupima. Lissu alikuwa mahabusu kwa shitaka la uhaini, Chadema haikuwa kwenye karatasi, jina la Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo liliondolewa. Matokeo yakatangazwa asilimia 97.66 kwa Rais Samia, intaneti ikiwa imezimwa. Waliokufa katika vurugu za siku zile wana ndugu zao na mimi sitaandika juu yao kwa haraka. Kwa mada ya leo inatosha kusema kwamba kulinganisha kunataka wawili, na hoja zote nilizoandika hapa juu zinakuwa mchezo wa watoto pale anayelinganishwa hayupo.

Jambo la mwisho, ambalo hata barazani kwetu hatuligusi kabisa, ni mgombea mwenza. Mwaka 2015 tulijadili pushapu kwa miezi miwili. Ni nani aliyejadili Samia Suluhu Hassan au Juma Duni Haji? Samia tulikuwa tumemwona mwaka mmoja tu kabla, akiongoza vikao vya Bunge Maalumu la Katiba akiwa makamu mwenyekiti, watu wakirushiana maneno. Ushahidi ulikuwa kwenye televisheni, wa saa nyingi, wa namna mtu anavyoshika kikao kilichochafuka. Duni Haji alihamishwa kutoka CUF kwenda Chadema ili tu apate kuwa mwenza, na hilo nalo lilikuwa la kuulizia. Tarehe 17 Machi 2021 Magufuli akafariki, siku mbili baadaye mwenza akaapishwa, na mjomba akanipigia akiuliza, "Huyu mama ni mtu wa namna gani?" Alikuwa amempigia kura ya umakamu mara moja, na kumnyima mara moja, bila kujiuliza.

Tumepeana kazi kwa ajili ya 2030. Majina yameanza kunong'onwa, kama kawaida. Mjomba amechukua mradi wa gesi ya kimiminika wa Likong'o kule Lindi, ambao mazungumzo yake yamepita mikononi mwa mawaziri kadhaa: anaandika kwenye daftari nani alikuwa waziri wakati gani, aliahidi nini, na ahadi ilipochelewa alisema nini. Mimi nimechukua korosho, kuanzia mfumo wa kuuza kwa stakabadhi ghalani wa 2007. Atakayetajwa kugombea, au kuwa mwenza, tunafungua daftari. Mjomba ameshaniwekea sharti moja: kama ni mtu wa Kusini, ukurasa wake ausome yeye kwanza.